Namna ya Kula Kwenye Mgahawa wa Sahani Ndogo Bila Kuondoka na Njaa

Ukiingia kwenye mgahawa mpya wa Masaki au Oysterbay, jijini Dar es Salaam, si ajabu ukapewa menyu isiyo na mgawanyo uliouzoea wa supu, chakula kikuu na vitamutamu. Badala yake utakuta orodha moja ya vyakula vingi, kila kimoja kikiletwa kwenye sahani isiyozidi sana ukubwa wa kiganja, na mhudumu atakueleza kwamba vyote ni vya kula kwa pamoja. Mwongozo huu ni wa mtu anayekwenda mahali pa namna hiyo kwa mara ya kwanza, na hasa yule anayewapeleka wengine: wazazi, wakwe, wafanyakazi wenzake, au marafiki watakaochangia bili. Nimeuandika kwa sababu nimeona watu wengi wakitoka huko na manung'uniko ambayo yangeepukika kwa mazungumzo ya dakika tano kabla ya kuagiza.

Miongoni mwa watu hao alikuwamo shangazi yangu, aliyetoka Tanga kuja kwenye mahafali ya binti yake. Tulikuwa sita mezani, nami niliyekuwa mwenyeji nikaagiza sahani sita, moja kwa kila mtu, kama ambavyo ningefanya kwenye mgahawa wowote. Ya kwanza ilikuja na kamba watatu waliopangwa juu ya sosi ya nazi. Ya pili ikachukua dakika 20 kufika. Shangazi alikula nusu ya kamba aliyopewa, akafuta mikono, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hivi ni vya kuonjesha, sivyo? Chakula chenyewe kinakuja saa ngapi?" Hakuna aliyemjibu, na swali lile limenikaa moyoni kwa sababu chakula kilikuwa kizuri na wapishi hawakuwa na kosa lolote. Mama mtu mzima alikaa na njaa siku ya furaha yake kwa sababu mimi sikuelewa kazi niliyokuwa nimepewa.

Kazi yenyewe ni hii. Kwenye mgahawa wa kawaida mpishi ndiye anayekupangia mlo: anaweka wali, kitoweo, mboga na kachumbari kwenye sahani moja, kwa kiasi ambacho anajua kitamshibisha mtu mmoja. Kwenye mgahawa wa sahani ndogo kazi hiyo inahama jikoni na kuja mezani, na anayeagiza ndiye anayeamua kama mlo utakuwa na wanga wa kutosha, kama kitoweo kitawafikia wote, na kama vitu vitafika kwa mpangilio unaolika. Hatua zote zinazofuata zinatokana na jambo hilo.

Fahamu asili ya chakula unachokiendea

Sahani ndogo zina nyumba nyingi duniani: meze za Lebanon, Uturuki na Ugiriki, vyakula vya izakaya, yaani baa za vinywaji na chakula, nchini Japani, na tapa za Hispania, ambako neno lenyewe lina maana ya kifuniko. Katika mji wa Granada mpaka leo mteja anayeagiza kinywaji huletewa tapa bila malipo ya ziada, na huko San Sebastián, kaskazini ya nchi hiyo, vipande vya chakula hupangwa kaunta vikiwa vimechomwa kijiti, na kwa desturi ya zamani vijiti vilivyobaki ndivyo vilivyohesabiwa wakati wa kulipa. Mtu wa Dar es Salaam hahitaji kusafiri ili alielewe jambo hilo. Muuza pweza wa jioni, mwenye sinia lake, bakuli la pilipili na vijiti, anauza kwa utaratibu uleule: unasimama, unachoma kipande kimoja baada ya kingine, unakunywa supu, kisha unalipa kwa hesabu ya ulichokula. Hakuna anayemwendea muuza pweza akitarajia kushiba.

Kwa upande mwingine, kula pamoja kwetu ni jambo la kila siku. Tunakula kwenye sinia moja la pilau harusini, tunafuturu kwa sahani kumi zilizotandazwa mkekani, tunazunguka ubao mmoja wa nyama choma. Lakini sinia la pilau lina tabia moja ambayo sahani ndogo hazina, nayo ni kwamba chakula kinazidi walaji, kwa hiyo hakuna anayehitaji kuhesabu. Ukienda na mazoea ya sinia mahali ambapo kamba ni watatu na walaji ni wanne, lazima mtu mmoja akose, na mara nyingi anayekosa ni yule mwenye adabu zaidi.

Kabla ya kutoka nyumbani

Weka nafasi mapema, hasa kwa jioni ya Ijumaa na Jumamosi. Migahawa mingi mipya hupokea maombi kwa WhatsApp au kwa ukurasa wake wa Instagram, na ni vyema uulize mambo matatu katika ujumbe huohuo: kama meza ina muda maalumu, kwa sababu baadhi ya migahawa hukupa meza kwa muda wa saa mbili tu, kama wanataka malipo ya awali kwa kundi kubwa, na aina ya meza utakayopewa. Swali la mwisho watu hulisahau. Migahawa ya namna hii hupenda viti virefu vya kaunta vinavyotazama jiko, ambavyo kijana huvifurahia na mzee mwenye maumivu ya magoti huteseka navyo jioni nzima. Kama una mzee, omba meza ya kawaida yenye viti vya mgongo, mbali na spika za muziki.

Omba pia menyu yenye bei utumiwe kwenye simu. Ukiisoma nyumbani, kwenye mwanga mzuri, utaagiza kwa utulivu zaidi kuliko mezani ambako taa ni hafifu, menyu inafunguliwa kwa kupiga picha ya alama kwenye karatasi, na watu watano wanakusubiri. Bei zinapaswa kuwa kwa shilingi. Kanuni zilizotolewa mwaka 2025 zimekataza kutangaza au kutoza bei ya bidhaa na huduma nchini kwa fedha za kigeni, kwa hiyo ukiletewa menyu ya dola una haki ya kuomba ya shilingi.

Ikiwa mmoja wa wageni wako ana kisukari, au ni mtu aliyezoea kula saa moja kamili, mpe kitu kidogo kabla ya kutoka. Hakuna aibu katika hilo. Foleni ya kuelekea Masaki jioni haitabiriki, na sahani ya kwanza nayo inaweza kuchelewa.

Hesabu kabla ya kuagiza

Mhudumu atakapokuja, usianze kwa kutaja chakula. Anza kwa kumuuliza kuhusu kila sahani unayoifikiria: "Dada, hii inakuja na vipande vingapi?" Kisha muulize zipi zina wanga, na ipi inachukua muda mrefu zaidi jikoni. Mhudumu mzuri hufurahia maswali hayo kwa sababu yanampunguzia malalamiko baadaye. Akikujibu tu kwamba "zinatosha", rudia swali la idadi ya vipande kwa heshima mpaka upate namba.

Kanuni inayotumika sana ni sahani mbili hadi tatu kwa kila mtu. Mimi huanzia mbili na nusu: watu wanne, sahani kumi, na kati ya hizo kumi angalau tatu ziwe za wanga, iwe ni mkate, chapati, viazi au wali wa nazi. Watu huruka sahani za wanga kwa kuona kwamba hawawezi kulipia mkate kwenye mgahawa wa gharama, na hapo ndipo njaa inapoanzia. Sosi ya sahani hizi ndiyo imebeba nusu ya kazi ya mpishi, na pasipo mkate wa kuifutia inarudi jikoni ikiwa imejaa ladha ambayo umeshailipia.

Sasa piga hesabu ya fedha, tena kwa sauti, ili wote mnaochangia msikie. Tuchukue mfano wa sahani kumi za shilingi 18,000 kila moja, vinywaji vinne vya 12,000 na maji makubwa mawili ya 5,000. Jumla ni 238,000. Soma mstari mdogo chini ya menyu: kama kuna tozo ya huduma ya asilimia 10, unaongeza 23,800, na jumla inakuwa 261,800, sawa na 65,450 kwa kila mtu. Kama menyu inasema bei hazijajumuisha VAT, ambayo kwa kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, ongeza kama 42,840 nyingine. Sahani moja ya 18,000 inaonekana ndogo ikiwa peke yake, na ndiyo maana watu hushtuka mwishoni. Mtu akijua mapema kwamba sehemu yake itakaribia 70,000, anaweza kusema kabla ya kuagiza kwamba jioni hiyo atakunywa maji tu, na hakuna atakayemfikiria vibaya.

Mkubaliane pia jinsi ya kulipa. Kugawana sawa ni rahisi, lakini si haki ikiwa wawili wanakunywa mvinyo na wawili hawanywi. Utaratibu ninaoupendekeza ni chakula kugawanywa sawa na kila mtu kubeba vinywaji vyake. Kama wewe ndiye mwenyeji unayelipa, sema hivyo waziwazi mwanzoni, vinginevyo wageni wenye haya watakula kwa kujibana wakihofia mifuko yao.

Agiza kwa mikupuo

Jiko la mgahawa wa sahani ndogo hutoa chakula kikishaiva, bila kusubiri vingine. Ukiagiza sahani kumi kwa pamoja, za baridi na za kukaanga zitafika zote ndani ya dakika chache na kuijaza meza, kisha mtakaa muda mrefu mkisubiri mbavu. Kwa hiyo gawa oda yako katika mikupuo miwili au mitatu na umweleze mhudumu: "Tunaomba tuanze na hizi nne, halafu tutaongeza."

Mkupuo wa kwanza uwe na vitu vya haraka pamoja na mkate: saladi, mbogamboga za kuchoma, kitu kimoja cha kukaanga. Katika mkupuo huohuo mwambie mhudumu aingize jikoni sahani moja nzito inayochukua muda, ili iwe inaiva wakati mnaanza. Mkupuo wa pili ni wa samaki na vitu vya baharini. Wa tatu ni wa nyama na wali, na huu ndio unaowapa watu wazima hisia kwamba wamekula. Kosa la kawaida ni kungoja mpaka sahani za kwanza ziishe ndipo muagize zinazofuata. Agiza mkupuo wa pili mara tu sahani za kwanza zinapofika mezani, kwa sababu mgahawa ukijaa jiko linaweza kuchukua nusu saa. Uliza pia saa ya oda ya mwisho, maana jiko huweza kufungwa wakati kaunta ya vinywaji bado inaendelea.

Idadi ya vipande ikiwa haigawanyiki, omba vipande viongezwe. Watu wengi hawajui kwamba jambo hili linawezekana. Kama katlesi za samaki zinakuja tatu nanyi mko wanne, sema: "Tunaomba ziwe nne, tutalipia hiyo moja." Kwa vyakula vinavyotengenezwa kimoja kimoja, jiko mara nyingi hukubali, na dhiki ya kukata katlesi moja vipande vinne kwa kisu cha siagi inaondoka. Kwa chakula ambacho hakihesabiki, kama wali au saladi, sahani moja kwa watu watatu inatosha kuanzia.

Nizungumzie pweza kidogo, kwa kuwa ndiye anayeagizwa sana na ndiye anayewavunja watu moyo. Tumezoea pweza wa nazi aliyepikwa mpaka akalainika kwenye mchuzi mzito, unaoliwa na wali. Kwenye migahawa hii utakutana zaidi na mtindo wa Galicia, kaskazini-magharibi ya Hispania, ambao ni pweza aliyechemshwa, akakatwa vipande vyembamba, akawekwa juu ya viazi na kunyunyiziwa mafuta ya zeituni, chumvi ya mawe na unga wa pilipili nyekundu isiyo kali. Wengine humpitisha kwenye moto mkali mpaka ncha za mkono zikawa nyeusi. Huyo si pweza aliyeungua. Muonje kwenye sehemu nene ya mkono kwanza: nyama iking'atika bila kuvutana, amepikwa vyema, ikivuta kama mpira, mrudishe mara moja na ueleze sababu, kabla hamjala nusu yake.

Uliza kuhusu kilichomo ndani

Sahani ndogo huchanganya viungo vingi katika chakula kidogo, na jina lililoandikwa kwenye menyu halitaji vyote. Mwislamu ajue kwamba chorizo, yaani soseji ya Kihispania, kwa kawaida ni ya nguruwe, na jamón ni paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, ingawa chorizo ya ng'ombe au kuku pia hupatikana. Maharage yanaweza kuwa yamepikwa na vipande vya nguruwe, sosi inaweza kuwa na mvinyo, na viazi visivyo na nyama yoyote vinaweza kukaangwa kwenye mafuta yaliyokaangia soseji hizo. Uliza maswali yote matatu: nyama imechinjwa kihalali, sosi ina pombe, na kikaango ni kimoja au viwili. Mhudumu asiyejua aende akaulize jikoni. Ikiwa mko mchanganyiko mezani, ni uungwana sahani zote za pamoja ziwe zile ambazo kila mtu anaweza kula, na anayetaka kitu kingine akiagize kama chake mwenyewe.

Mwenye mzio ataje mzio wake kabla ya sahani ya kwanza, si baada ya kuiona. Korosho na karanga husagwa kwenye sosi bila kuonekana, ufuta umo ndani ya tahini, na kamba mmoja aliyekaangwa huacha mabaki kwenye mafuta yanayokaanga viazi.

Kuhusu samaki mbichi, ukiona neno ceviche au tartare, jua kwamba samaki hajapikwa kwa moto. Maji ya ndimu hugeuza nyama ya samaki kama changu kuwa ya rangi ya maziwa na kuifanya ionekane imeiva, lakini hayaui minyoo na bakteria kama moto unavyoua. Kugandisha samaki kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 huua minyoo, ila hakuondoi bakteria wote. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mtu mwenye kinga dhaifu wasile. Wengine wanaweza kula pale wanapouamini usafi wa jiko, na kuuliza samaki alihifadhiwaje ni swali la kawaida kabisa.

Mezani

Kila sahani ya pamoja iwe na kijiko chake cha kupakulia. Kisipokuwepo, omba, na usitumie uma uliokwisha kuutia mdomoni. Mkate uliong'atwa haurudi kwenye sosi. Chukua sosi kidogo uiweke kwenye sahani yako. Vyakula vya kushikwa huliwa kwa mkono bila tatizo, hata kwenye migahawa ya kifahari, mradi umenawa.

Mwenyeji apakulie wakubwa kwanza, na aangalie sahani ya kila mtu kila zinapofika sahani mpya. Hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Kwa malezi yetu, mgeni wa heshima hachukui kipande cha mwisho na hasogezi mkono mbele ya mkubwa wake. Ataambiwa "malizia wewe", atajibu "nimeshiba", na kipande kitapoa kikiwa katikati ya meza. Usiliache jambo hilo liamuliwe na haya. Mpakulie kabisa, umwekee kwenye sahani yake, kama ambavyo mama mwenye nyumba angefanya. Niliporudi na Shangazi miezi michache baadaye, niliagiza wali wa nazi na sahani mbili za samaki mapema, nikampakulia kila kilichofika, naye alikula bila kuuliza saa.

Wahudumu hukimbilia kuondoa sahani ili meza ipate nafasi. Waruhusu waondoe zilizoisha, lakini zuia yenye sosi kama mkate bado unakuja.

Bili na risiti

Kwa kuwa oda imefanyika kwa mikupuo, makosa kwenye bili ni ya kawaida: sahani iliyoagizwa ikafutwa bado imo, au maji mawili yameandikwa manne. Andika kwenye simu kila unachoagiza tangu mwanzo, kisha linganisha mstari kwa mstari kabla ya kulipa. Angalia kama tozo ya huduma imeshawekwa. Kama imo, bakshishi ni hiari yako. Kama haimo, mpe mhudumu mkononi, hasa yule aliyeenda jikoni mara tatu kuuliza kuhusu mafuta ya kukaangia.

Ukilipa kwa Lipa Namba, soma jina la biashara linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Karatasi uliyoletewa kwanza ni bili tu, si risiti. Subiri risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, hakikisha kiasi kilichoandikwa ni kilekile ulicholipa, na kama mlichangia, ipige picha na kuituma kwa wenzako kabla hamjanyanyuka mezani.